Baiskeli Yenye Shehena Ikienda Mrama: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Nilipanda Kwale asubuhi bila shida. Kutoka Likoni hadi Kombani nilikanyaga tu, mlimani nikasukuma pale miguu ilipogoma. Nilikuwa na hema, sufuria, nguo za siku nne na zana, vyote juu ya keria ya nyuma, na mkoba mdogo kwenye usukani. Kwale nikajaza maji madumu mawili ya lita 5, nikayafunga juu ya hema kwa blada, yaani ukanda wa mpira wa tyubu, nikaanza kushuka kurudi pwani, safari yangu ikiwa Shimoni. Mwendo ulipofika kama kilomita 35 kwa saa, usukani ukaanza kutetemeka. Mwanzo polepole, kama mtu anayetikisa kichwa kukataa. Baada ya sekunde mbili ulikuwa unapiga kushoto na kulia kwa kasi ambayo macho hayakuweza kuifuata, na fremu nzima ikijipinda chini yangu. Nikaubana kwa nguvu zangu zote, ukazidi. Nilisimama kwa kuburura miguu kwenye changarawe za kando ya lami, na magoti yalitetemeka muda mrefu kuliko baiskeli.

Wiki ile nikaenda kwa mafundi wawili. Wa kwanza akabadilisha gololi za shingo ya usukani. Wa pili akanyoosha rimu ya mbele. Nililipa kote kuwili na tatizo likabaki palepale, kwa sababu niliwapelekea baiskeli tupu, na hakuna kati yetu aliyeuliza swali moja: ni kitu gani kilichobadilika kati ya kupanda na kushuka? Ukiacha mwendo, kilichobadilika ni kilo 10 za maji, zilizokaa juu kabisa na nyuma kabisa.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, na ndio ninaouandika hapa. Tatizo la baiskeli yenye mzigo litafutwe kwa mpangilio huu: kwanza mzigo, kisha vifungo, kisha magurudumu, kisha shingo, na fremu iwe ya mwisho. Kubadilisha mahali pa mzigo hakuna gharama, na kasoro za mzigo hujifanya kasoro za chuma mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Jaribio la kwanza: tupu, kisha imebeba

Kabla ya kushika spana, tafuta kipande cha lami safi kisicho na magari. Mimi hutoka Jumapili alfajiri, kabla matatu hazijachangamka. Pita hapo mara moja baiskeli ikiwa tupu, kwa mwendo ule ule uliokusumbua. Pita tena ukiwa umefunga mzigo wote kama ulivyoufunga siku ya tatizo, maji yakiwemo. Ikiwa tupu inatulia na ikiwa na mzigo inasumbua, shida iko kwenye mzigo au keria. Ikiwa inasumbua hata tupu, ni chuma: gurudumu, shingo, foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) au fremu. Na ikiwa inasumbua kidogo tupu na sana ikiwa imebeba, una matatizo mawili. Anza na lile la chuma.

Ukianza kurekebisha, badilisha kitu kimoja kwa wakati, upite tena. Ukihamisha mzigo, ukakaza shingo na ukajaza upepo kwa pamoja, baiskeli inaweza kutulia, lakini hutajua kilichoituliza, na safari ijayo utarudi pale pale.

Watu wa majahazi wanalijua hili kuliko sisi wa magurudumu. Chombo kikizidishwa uzito tezini, yaani nyuma, omo, yaani mbele yake, huinuka na usukani hauleti jibu. Shehena nzito hulazwa ngamani, chini kabisa, na kikiwa hakina shehena hutiwa farumi, uzito wa kukituliza, ili kisilale kwa upepo. Baiskeli ni hivyo hivyo. Mtu akiipanda tupu, gurudumu la nyuma hubeba kama asilimia 60 ya uzito na la mbele 40. Chukua baiskeli na mpandaji vya jumla ya kilo 85, uongeze kilo 25 zote juu ya keria ya nyuma: nyuma sasa panabeba karibu asilimia 70. La mbele halijapunguziwa mzigo kwa maana kubwa, ila limeachwa peke yake, na ndilo linaloongoza. Gawa kilo hizo hizo, 12 mbele chini na 13 nyuma, na uwiano unarudi karibu kabisa na ule wa baiskeli tupu.

Mikoba ya pembeni nitaiita shogi, maana ndivyo ilivyo: ni shogi ile ile ya punda, makanda mawili yanayotazamana, uzito wa huku ukijibiwa na uzito wa kule.

Usukani unatetemeka mwendo unapoongezeka

Hii ndiyo inayotisha, na ndiyo iliyonipata. Dalili zake ni hizi: inaanza kwenye mwendo fulani, mara nyingi mteremkoni, inakua yenyewe, na mapigo yake ni kati ya 3 na 10 kwa sekunde. Chini ya mwendo huo hakuna kitu. Wengine huisikia wanapoachia mkono mmoja kunywa maji.

Linalotokea ni hili. Tairi la mbele hugusa barabara nyuma kidogo ya mahali ambapo mstari wa shingo ungefika chini ukiurefusha. Kwa hiyo hujivuta lenyewe kukaa sawa, kama gurudumu dogo la kitanda cha hospitali linavyojigeuza kufuata mwendo. Likipigwa na shimo huenda pembeni, hurudi, hupitiliza, hurudi tena. Kwa kawaida mikono yako na mpira wa tairi hulituliza mara moja. Lakini fremu nayo ni springi: bomba la juu hujipinda kidogo gurudumu linapokwenda pembeni, kisha hujinyoosha na kulirudisha kwa nguvu. Mzigo mzito uliosimama nyuma ukichezea upande wa pili wa springi hiyo, pigo la mzigo na pigo la gurudumu hukutana, na kila zunguko huongeza juu ya lililopita. Mwendo ndio unaoulisha mchezo huo.

Likikukuta, usiubane usukani. Mikono migumu huwa sehemu ya springi. Bana bomba la juu kwa magoti yote mawili, au hata kwa goti moja, inua makalio kidogo uzito uhamie kwenye pedali, legeza viwiko bila kuachia, kisha punguza mwendo kwa breki taratibu. Goti kwenye bomba hufanya kazi kama kidole kwenye ukingo wa sahani inayolia: nyama hunyonya mtikisiko. Ningependa kila msafiri ajizoeze kubana bomba kwa magoti kwenye tambarare, ili mwili ukumbuke siku akili itakaposahau.

Kisha tafuta chanzo kwa zamu. Shusha kila kilicho kizito kutoka juu ya keria. Maji, zana, unga na sufuria viende chini ya shogi, karibu na fremu. Juu ya keria pabaki hema na blanketi. Muuza madafu mmoja wa Kongowea, mzee wa makamo ambaye nilimkuta akifunga mzigo wake, alinitazama ninavyopanga akaniambia: "Mwanangu, hilo zito lishushe. Huku juu weka usufi." Baiskeli yake ilikuwa imebeba mara mbili ya yangu na ilikuwa imetulia kama meza.

Hamisha kilo chache mbele. Wakati mwingine kilo 2 au 3 zikitoka nyuma kwenda kwenye shogi ndogo pembeni mwa foki, sawa na urefu wa ekseli, mtetemo huisha kabisa au husogea hadi mwendo ambao hutaufikia. Zikae karibu na mstari wa shingo, si mbele yake. Mkoba mzito ulioning'inia mbele ya usukani ni kinyume chake: uko juu, uko mbali na shingo, na kila gurudumu likigeuka nao unabembea. Humo weka simu, kofia na kanga, basi.

Ukishapanga upya na bado, angalia keria, upepo wa tairi na shingo kama nitakavyoeleza chini. Na ikiwa baiskeli yako haina bomba la juu, ile iitwayo ya kike, jua kwamba fremu hiyo hujipinda kirahisi zaidi. Inabeba vizuri mjini, lakini mteremko wenye mzigo mkubwa wa nyuma si kazi yake.

Mkia unacheza

Huu ni mchezo wa polepole. Ukisimama kwenye pedali, au ukikwepa shimo, nyuma inachelewa kisha inakuja kwa mkupuo, kama vile unamvuta mtu asiyetaka kwenda. Haukui kama mtetemo wa kwanza, lakini unachosha mgongo, na baada ya kilomita 60 kufika Kilifi utakuwa umepigana na baiskeli badala ya kuiendesha.

Jaribio lake ni rahisi na linaonyesha jibu kwa macho. Egemeza baiskeli ikiwa na mzigo wake wote, mwenzako ashike usukani. Weka mkono mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye ncha ya keria, kisha sukuma na vuta kwa upande, polepole. Usitazame mzigo. Tazama viungo. Anza pale miguu ya keria inapofungwa karibu na ekseli: weka ukucha wa kidole gumba kwenye mstari kati ya chuma cha keria na cha fremu. Kama kuna mchezo, ukucha utausikia kabla jicho halijauona, na mara nyingi utakuta pete ya kutu au vumbi jeusi limesagika kuzunguka nati. Vumbi hilo ni chuma kikisaga chuma. Kifungo hicho kimelegea siku nyingi.

Hapa kwetu bahari ni sehemu ya tatizo. Bolti ndogo ya milimita 5 isiyopakwa grisi huliwa na chumvi, kichwa kinabaki kizima huku shina limekonda. Unakaza, unahisi imekaza, kumbe inasubiri shimo la kwanza. Zitoe zote mara moja kwa mwaka, zifute, pakaa grisi, zirudishe pamoja na washa (vipete) zake. Iliyokonda itupe.

Ikiwa vifungo ni vizima na keria yenyewe inajipinda, basi haina mguu wa kuzuia upande, au mzigo unaizidi. Keria ya chuma inaweza kuongezewa kiungo cha mshazari na mchomeleaji yeyote, na kazi hiyo hufanyika Mariakani kama inavyofanyika Mtwapa. Keria ya alumini ikipasuka si kila mtu ataweza kuichomelea, na hiyo ndiyo sababu mimi hubeba ya chuma, uzito na kutu yake pamoja.

Kama keria imetulia lakini shogi ndizo zinazobembea, kulabu zimeachia nafasi. Zibane kwa kipande cha mpira, kisha funga sehemu ya chini ya shogi kwenye mguu wa keria kwa blada. Blada iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, upana wa vidole viwili, ni bora kuliko kamba ya manila kwa kazi hii. Manila ikishakaa haina mvuto, na mzigo ukishuka kidogo inalegea. Blada hufuata mzigo.

Halafu magurudumu. Shika tairi la nyuma juu, karibu na breki, lisukume kushoto na kulia. Likicheza, koni za habu (kitovu cha gurudumu) zimelegea. Likicheza, na rimu ikawa inasugua breki upande mmoja hata baada ya kukaza, fungua utazame ekseli: kwenye habu nyingi za zamani hupinda au kukatika upande wa cheni, na gurudumu likaendelea kushikiliwa na nati tu. Gonga spoki moja moja kwa bisibisi usikilize. Inayotoa sauti nzito kuliko wenzake imelegea, na iliyokatika mara nyingi ni ya nyuma upande wa cheni, kwa sababu spoki za upande huo hukazwa zaidi. Ukishakuwa na moja iliyokatika, jirani zake zinabeba deni lake. Usifunge safari hivyo.

Nyuma inaelea kwenye kona

Hii watu huichanganya na keria iliyolegea. Tofauti: hapa hakuna mkupuo, kuna ulaini. Unaingia kona na nyuma inateleza kidogo upande kabla ya kushika, kama unapita juu ya godoro. Ni upepo mdogo kwenye tairi.

Tairi lililobeba vizuri hubonyea kama asilimia 15 ya kimo chake ukiwa umekaa juu na mzigo wote. Kwa tairi la upana wa milimita 40 hiyo ni kama milimita 6. Kwa baiskeli yangu yenye jumla ya kilo 110, ninajaza pauni 60 nyuma na 45 mbele, na sivuki kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Anayejaza matairi yote mawili sawa huwa amekosea moja wapo. Ukiingia kwenye mchanga wa njia za Vipingo, punguza, kisha kumbuka kujaza tena kabla ya lami.

Inavuta upande mmoja

Kwanza usihukumu kwa barabara moja. Lami hujengwa na mgongo katikati ili maji yashuke, nasi tunapita kushoto, kwa hiyo kila baiskeli hupenda kidogo kuelekea kushoto. Jaribu kwenye uwanja wa saruji ulio tambarare.

Ikiwa bado inavuta, pima shogi. Mizani ya kuning'iniza ya sokoni inatosha. Nikikuta tofauti inayozidi kilo moja kati ya kushoto na kulia, nahamisha. Maji ndiyo wadanganyifu wakubwa: unayagawa sawa asubuhi, unakunywa ya upande mmoja, saa saba unaendesha umeinamia upande bila kujua, na jioni bega moja linauma.

Shogi zikiwa sawa, angalia kama gurudumu la nyuma limekaa katikati ya fremu. Cheni ikikazwa upande mmoja huvuta gurudumu likakaa mshazari. Baada ya hapo fanya jaribio la uzi. Funga uzi kwenye mwisho mmoja wa fremu nyuma, pale ekseli inapokaa, upitishe mbele ukizunguka bomba la shingo, urudishe hadi upande wa pili wa ekseli, uuvute ukaze. Pima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita 3 au 4, fremu imepinda. Vikiwa sawa na bado inavuta, mshukiwa ni foki, hasa kama baiskeli iliwahi kugonga.

Haiwezi kwenda mstari ulionyooka

Unaendesha polepole na baiskeli inaandika nyoka. Unarekebisha, inapitiliza, unarekebisha tena. Wengi hudhani ni uzito, wakajilaumu kwamba hawana nguvu.

Toa mzigo wa mbele, inua gurudumu la mbele, na kwa kidole kimoja geuza usukani polepole kupita katikati. Usukani mzima hupita kama maji. Ulioharibika hujitumbukiza katikati na kukaa, na inabidi uusukume kidogo utoke. Vijishimo hivyo vimechimbwa na gololi zenyewe. Safari ndefu ni ya mbele moja kwa moja, kwa hiyo gololi hukaa mahali pamoja na kupokea kila tuta na kila kabro iliyoinuka, hadi zinajichimbia makao kwenye kombe, yaani bakuli za chuma zinamozunguka. Baiskeli husimama wima kwa marekebisho madogo madogo ya gurudumu la mbele ambayo hata huyahisi. Shingo ikikwama, marekebisho hayo huchelewa, na yakija huja makubwa.

Dawa kamili ni kombe mpya. Dawa ya njiani, ambayo imenifikisha nyumbani kutoka Malindi, ni kutoa gololi zilizo ndani ya kizimba chake na kuweka gololi huru za ukubwa ule ule, moja au mbili zaidi kuliko za mwanzo, ukiacha nafasi kidogo zisisongamane. Idadi ikibadilika, haziangukii tena kwenye vishimo vyote kwa pamoja. Grisi nyingi, na safisha chumvi kabisa kabla ya kufunga.

Lakini usianze kununua kombe kabla hujakagua mambo mawili: shingo iliyokazwa kupita kiasi huleta dalili ile ile, na mkoba wa mbele unaokandamiza nyaya za breki pia. Shingo iliyolegea utaitambua kwa kubana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma, kidole kikiwa kwenye kiungo cha kombe. Ukihisi mgoto, kaza.

Mbele inainuka au inatangatanga mlimani

Ukipanda kutoka Makupa kwenda Changamwe, au mlima wa Mazeras, na gurudumu la mbele linazunguka huku na huku, uzito umekaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Sogeza shogi mbele mpaka kisigino kikaribie kuzigusa, acha upana wa vidole viwili. Kisigino kikigonga, sogeza kidogo tu, usirushe shogi nyuma. Na ukae kwenye kiti. Kusimama kwenye pedali na mzigo wa kilo 25 kunaifanya baiskeli iyumbe hata kama kila kitu ni kizima.

Upepo na malori

Kusi inapovuma, kilele chake kikiwa katikati ya mwaka, na kaskazi kati ya Desemba na Machi, daraja la Nyali huwa ni mtihani, kwa sababu juu ya maji hakuna kinachozuia upepo. Ikiwa unasukumwa kwa ghafla na usukani ndio unaogeuka, mkosaji ni eneo la mbele: shogi kubwa za foki zilizojaa vitu vyepesi, au mkeka uliofungwa kwa kukingama mbele. Mbele pabebe kidogo, kizito, kilichoshikamana. Vipana na vyepesi viende nyuma, na mkeka ulazwe kufuata urefu wa baiskeli.

Lori kwenye barabara ya Malindi hukusukuma linapokaribia, hukuvuta likiwa ubavuni, na likishapita upepo uliokuwa umezuiwa hukurudia kwa mkupuo. Ukijua mpangilio huo mwili haushtuki. Usiendeshe juu ya ukingo wenyewe. Acha kama mita moja, kwa kuwa pale lami ilipomeguka, gurudumu la mbele likishuka na mzigo halipandi tena kwa usukani. Nimeona watu wakianguka kuelekea barabarani kwa kujaribu kulipandisha. Ukishuka, shuka kabisa, simama, panda upya.

Haisimami pale unapotaka

Hili mara nyingi si kasoro, ni hesabu. Breki ile ile ikizuia kilo 110 badala ya 85, inahitaji karibu theluthi moja zaidi ya barabara. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka 15 hadi 30 kwa saa, umbali wa kusimama huwa mara nne. Black Mamba, zile baiskeli nzito za kizamani, zenye breki za vyuma na rimu ya chuma zina shida ya ziada wakati wa mvua: rimu ikilowa, breki hushika kidogo sana mpaka maji yafutike. Gusa breki mapema, mizunguko kadhaa kabla ya mahali unapohitaji. Mteremko mrefu usiushuke ukiwa umebana breki moja muda wote. Rimu hupata moto, na moto huo unaweza kupasua tyubu. Zipokezane, na simama ushike rimu kwa kidole kabla hujaendelea.

Ukiwa unasukuma, na kivukoni

Likoni kuna somo lake. Unashuka na umati kwenye mteremko wa kuingilia feri, chuma kimelowa, baiskeli ina uzito wa mtu mzima, na gurudumu la mbele linataka kugeuka na kujilaza. Shika breki ya mbele kwa mkono mmoja, na mwingine uweke kwenye kiti au keria, si yote miwili kwenye usukani. Baiskeli yenye shogi za mbele hujigeuza zaidi inaposimama; kipande cha blada kilichofungwa kutoka gurudumu la mbele hadi bomba la chini hulizuia lisizunguke unapoiegemeza. Standi ya mguu mmoja haifai kwa shehena. Ile ya miguu miwili, iliyo chini ya gurudumu la nyuma, ndiyo inayobeba.

Lini usiendelee

Baada ya kila safari ngumu, futa fremu kwa kitambaa kilicholowa maji matamu, kisha pitisha taa ya simu kwenye viungo: nyuma ya bomba la shingo, chini pale bomba la chini linapokutana na shingo, kwenye vikanyagio pale mabomba yanapokusanyika, na kwenye masikio ya keria. Unatafuta mstari mwembamba kwenye rangi, mara nyingi wenye kutu inayovuja. Mkwaruzo huishia kwenye rangi. Ufa hurudi baada ya kufuta, na ukiupitisha ukucha unakwama. Ukiupata kwenye keria, hamisha mzigo upande usio na ufa, funga kwa blada na waya, nenda polepole hadi kwa mchomeleaji. Ukiupata kwenye foki au kwenye shingo, shusha mzigo hapo hapo ulipo, iwe Gongoni au Msambweni, simamisha matatu, umwombe utingo akupandishie baiskeli juu.